Karatasi ya Kitubio

Mahabusu, Singida
12 Desemba 1974

Mama Cecilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa maana kwamba napumua na nakula, na chawa nao wanakula. Barua hii itasomwa na askari kabla haijakufikia, kwa hiyo namsalimia na yeye. Shikamoo Afande, uvumilie mwandiko.

Najua huko kijijini yanasemwa mengi, na wewe usiku ule ulikuwa kwa Yunisi ukimzalisha, kwa hiyo ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Wanasema nyumba ya Mwenyekiti Mughwai haikuungua kwa bahati mbaya. Mlango ulikutwa umefungwa kwa nje, kamba ya katani imezungushwa kwenye nguzo, na nyasi zilizosalia zilinuka mafuta ya taa. Selina, mke wake, alikuwa amekwenda kwao. Mughwai alikuwa ndani peke yake. Mungu amrehemu, na nasema hivyo kwa moyo, si kwa ajili ya Afande anayesoma.

Sasa polisi wanatafuta mtu mwenye chuki. Kila mtu alimwona Mughwai akisimamia kubomolewa kwa tembe letu mwezi wa nane ili tuhamie kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya. Kila mtu alimwona mama yangu akilala nje kwenye upepo ule, kwa sababu alikataa kuingia kibanda cha nyasi akasema yeye si ndege. Na mama alipokufa kila mtu alikuja kumzika. Waliomchukia Mughwai ukiwapanga mstari watafika Singida mjini. Ila mimi peke yangu ndiye niliyeandika.

Wanayo karatasi yangu ya kitubio, ile iliyokuwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Inspekta alinisomea nikiwa nimesimama. "Nimemchukia Mughwai. Nimetamani afe kama mama alivyokufa. Nilikwenda nyuma ya nyumba yake usiku na kiberiti mkononi. Nilisimama. Nikarudi nyumbani." Akauliza, mwandiko wako? Nikasema ndiyo. Akasema, basi umenirahisishia kazi. Nilimweleza kwamba niliyaandika mwezi wa kumi, kabla ya moto, ili nisisahau Padri atakapokuja kutuungamisha wakati wa Majilio, kabla ya Krismasi. Alicheka. Akasema hajawahi kuona mtu anaandika dhambi zake kama orodha ya vitu vya dukani.

Sijui waliipataje. Nadhani ni siku ile walipopekua. Usijisumbue kwa hilo.

Wewe na wenzako mnahesabu dhambi kwa punje za mtama, mnazifunga kwenye pindo la kanga, na mkishaungama mnawamwagia kuku. Na ni mimi niliyewafundisha, mimi katekista wenu, kwa sababu Padri anafika kigangoni mara chache na kichwa cha mtu husahau. Lakini mwenyewe nikajiona msomi, nikaandika. Ningehesabu kwa punje leo ningekuwa nyumbani. Hakuna Inspekta anayejua kusoma mtama.

Cecilia asiache shule, hata wenzake wakimsema. Niletee blanketi ukimpata mtu wa kuja mjini.

Mumeo,
Antipasi Alute


Kijiji cha Ujamaa Unyakindi
kwa mkono wa Padri
9 Januari 1975

Baba Cecilia,

Milele amina. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe na sikutaka kumpa mtu aniandikie, maana ukimpa mtu barua yako umempa na mdomo wako. Mwalimu wa kisomo anasema herufi zangu zimelewa. Nikamwambia zitalevuka, mwache na yeye apate la kusema.

Blanketi linakuja na Padri. Cecilia anakwenda shule. Siku ya kwanza alirudi analia, siku ya pili alirudi amempiga mtoto wa katibu, siku ya tatu hakuna aliyemsema tena. Huyo ni wako, mimi simo.

Kuhusu karatasi, polisi walikuja wengi, wakatia mikono kila mahali mpaka kwenye chungu cha unga. Sikuweza kuwaangalia wote. Hayo tuyaache.

Ila mimi sielewi kitu kimoja. Umeandika "nikarudi nyumbani". Mbona hilo hawalioni? Mimi niliyejifunza kusoma juzi nimeliona. Na juu yake umeandika ulikunywa pombe kabla ya ibada, na kwamba uliniita mvivu na mimi si mvivu. Kumbe ulijua! Siku ile ulivyotoka umefura nilidhani unaamini unachosema. Sasa mtu anayejiandika kwa kumwita mke wake mvivu, angeua mtu asiandike? Karatasi yenyewe inasema hukuua. Wasomaji ndio wabovu.

Watu hawaji tena kwetu. Kisimani wananipisha nichote kwanza, na si kwa heshima. Yunisi peke yake ndiye anakuja na mtoto wake, ananiachia nimshike huku yeye anatwanga, na hatuzungumzi juu ya usiku ule. Kule tulikobomolewa kuta za tembe zimesimama bado bila paa. Nilipita kuchimba viazi, nikalia, halafu nikachimba viazi.

Rudi. Sijui kuandika maneno mazuri. Rudi tu.

Mkeo,
Marietha


S.L.P. Dodoma
3 Septemba 1975

Ndugu Marietha Antipasi,

Mimi ni wakili niliyepangiwa na Mahakama kumtetea mume wako. Shauri la mauaji litasikilizwa Singida kuanzia katikati ya mwezi ujao, mbele ya Jaji na wazee wa baraza watatu.

Nitasema wazi kwa sababu muda ni mfupi. Hakuna aliyemwona mume wako kwenye moto. Hakuna kamba wala mafuta yaliyokutwa kwake. Serikali ina kitu kimoja tu mkononi, nacho ni ile karatasi. Isiposomwa mahakamani, hawana kesi. Ikisomwa, naogopa, na wewe unajua adhabu ya kuua ni kunyongwa.

Ninazo hoja mbili za kuizuia. Ya kwanza ni kwamba mtu anayeandika ili akaungame hajaandikia polisi, na kilichokuwa kati yake na Mungu wake kisigeuzwe ushahidi. Hoja hii naiamini mwenyewe, lakini sheria haitamki hivyo waziwazi na Jaji anaweza kuikataa. Ya pili ni namna ilivyopatikana. Mume wako ameniambia polisi waliichukua kwa nguvu, bila hati ya upekuzi na bila balozi wa nyumba kumi. Inspekta anadai ulimpa wewe, kwa mkono wako na kwa hiari yako. Mume wako anasema huo ni uongo mtupu, na alikasirika hata kwa kumuuliza.

Sheria haiwezi kukulazimisha kusema lolote katika kesi ya mumeo. Ni hiari yako. Ila ukija kuyathibitisha maneno yake, nitamwomba Jaji aitupe karatasi nje. Tafadhali nijibu upesi.

Wako,
Naftali Mkumbo, Wakili


Unyakindi
15 Septemba 1975

Bwana Wakili,

Shikamoo. Nitakuja.

Yote aliyosema mume wangu ni kweli. Polisi waliichukua. Mimi sikuwapa.

Na mimi nina neno langu, kama linaruhusiwa. Kijiji kizima tulimtakia Mughwai kifo. Wazee walimtemea mate kivulini mwake. Wanawake tulimtungia nyimbo, tukaziimba tukikata nyasi za vibanda vyake. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya watu kwamba akija kuomba togwa kwangu nitamtilia sumu. Mbona sikukamatwa? Mume wangu hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu, tena kwa haya, kwa herufi ndogo. Sasa mwenye haya ndiye anyongwe, na mimi mwenye mdomo mrefu niko hapa napepeta uwele. Kama hiyo ndiyo sheria, basi imtafute na yule aliyeitunga tumuulize alitamani nini jana.

Samahani kwa ukali. Niambie tu nivae nini na nisimame wapi.

Marietha Antipasi


Mahabusu, Singida
22 Septemba 1975

Mama Cecilia,

Wakili ameniambia amekuita na umekubali. Usije.

Siwezi kueleza, unajua barua zetu zinapita mikono mingi. Mwambie unaumwa. Mwambie Cecilia anaumwa. Mwambie umechoka na mimi, hilo ataliamini. Akikuandikia tena usimjibu.

Tangu tuoane sijakuamuru jambo, isipokuwa kupunguza chumvi, na hilo hukulitii. Leo nakuamuru. Kaa nyumbani. Ukinipenda kaa nyumbani.

Antipasi


Unyakindi
6 Novemba 1975

Baba Cecilia,

Barua yako ya mwezi wa tisa nimeikuta parokia wakati narudi kutoka Singida. Pikipiki ya Padri iliharibika, barua ikakaa mezani pale pamoja na mishumaa. Nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye vumbi. Padri akaniletea maji akidhani ni njaa.

Siku ya kesi ulikuwa kizimbani na sikuweza kukusemesha. Sasa nasema. Mimi ndiye niliyewapa.

Baada ya wale wengi kupekua wakakosa, Inspekta alirudi mwenyewe, siku nyingine. Alikuja kwa adabu. Aliniita mama, alikunywa togwa, akauliza, mumeo ni mtu wa namna gani? Nikamwambia ngoja. Nikaleta kitabu cha nyimbo. Baba Cecilia, nilikuwa nimeisoma karatasi ile siku chache nyuma, kidole chini ya kila neno. Ndiyo karatasi ya kwanza niliyoisoma mpaka mwisho bila kusaidiwa na mtu. Na nilikuwemo! Uliandika, mke wangu si mvivu. Nililia kwa furaha jikoni, nikisingizia moshi. Nikafikiri yeyote atakayeisoma ataona nilichokiona mimi. Nikampa na tabasamu juu.

Akaandika maelezo kwa mwandiko wa mbio ambao sikuweza kuusoma. Akaniambia, mama, weka dole gumba hapa. Nikasema mimi sitii dole, mimi natia sahihi. Jamani! Kwa maringo, nikamnyang'anya na kalamu.

Yaliyobaki uliyaona. Niliapa nimeshika Biblia kwamba waliichukua kwa nguvu. Wakili wa Serikali hakunigombeza hata kidogo. Aliuliza kama najua kuandika, nikasema ndiyo, mjinga mimi, nikasema ndiyo kwa sauti. Akanionyesha maelezo yale ya Inspekta, kwamba nilimpa kwa hiari, akauliza sahihi hii ni ya nani? Nikasema siijui. Akanipa karatasi nyeupe, andika jina lako. Hapo ulifumba macho, nilikuona. Nilitaka kuandika vibaya. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Lakini mimi ninao mwandiko mmoja tu, na mkono haukuweza kwenda njia nyingine. Jaji aliziweka karatasi mbili kando kando, akazitazama kidogo tu.

Akasema sheria inauliza kama maandishi yanahusu kosa, haiulizi mwandishi alikuwa anamwandikia nani. Akasema pia kwamba utetezi unaohitaji kiapo cha uongo una kitu unakificha. Wazee wawili wakasema una hatia. Mmoja wao alinitazama mimi akasema njia ya mwongo ni fupi. Yule wa tatu, wa kutoka Mkiwa, ndiye peke yake aliyesema tukianza kuwafunga watu kwa walichotamani hatabaki wa kushika funguo za gereza. Ningembusu miguu. Lakini Jaji hafungwi na maneno ya wazee, na hukumu uliisikia.

Huku wanawake wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawanong'oni, wanasema. Wana haki.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa hutanitaka tena. Basi nitukane. Nitukane kwa herufi kubwa ili nisome vizuri.

Marietha


Gerezani, Dodoma
14 Desemba 1975

Mama Cecilia,

Sikutukani. Nilijua.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Inspekta aliniambia palepale, mkeo ndiye aliyenipa, tena akaniongezea na togwa. Barua yangu ya kwanza nilipoandika sijui waliipataje, nilikuwa najua. Nilitaka usibebe mzigo huo peke yako huko, na watu wakikuzunguka.

Wakili alipouliza, nikasema waliichukua kwa nguvu. Nilikataa kata kata iandikwe kwenye majalada ya Serikali kwamba Marietha alimtoa mumewe. Majalada hayafi, Cecilia naye atazeeka, wajukuu watasoma. Nilidhani wakili atasema tu, Jaji atasikia, basi. Sikujua atakutafuta shahidi. Mimi niliyewachapa watoto wa mafundisho kwa sababu ya uongo, nilimdanganya mtu pekee aliyekuwa upande wangu. Naye uongo wangu akauamini, akakuita wewe uje uuthibitishe.

Ningesema ukweli, angebaki na ile hoja yake ya kwanza, na pengine Jaji angeisikiliza kwa sikio zima. Wakili mwenyewe amenieleza hivyo, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko hukumu. Wewe ulinificha nisikuchukie, mimi nikakuficha usijichukie. Tumefichana mpaka kwenye kitanzi.

Usinipigie magoti kwa barua tena. Kama ni kosa tumelima shamba moja.

Rufaa imeandikwa. Wakili anakwenda na hoja ya maandishi ya siri ya mtu, hiyo tu, bila wewe na bila mimi. Huku wanatupa chakula, na Jumapili kuna ibada. Wananiomba niwafundishe wenzangu kujiandaa kuungama. Nimewaambia watumie kokoto.

Mumeo,
Antipasi


Unyakindi
18 Julai 1976

Baba Cecilia,

Wakili ameniandikia. Nadhani na wewe umeambiwa. Rufaa imekataliwa. Majaji wamesema karatasi ilisomwa kwa haki, kwa sababu mtu husema kweli zaidi anapoandika akidhani hasomwi. Hilo nimelirudia mara nyingi nikishindwa kulijibu. Sasa imebaki huruma ya Rais. Padri ananisaidia kuandika ombi, na wakili anasema neno la mke lina uzito, niape kwamba najua huna hatia.

Nimefika hapo pa kuapa, na nimekwama. Nitakueleza kwa nini, na usinikatie tamaa mpaka umalize kusoma.

Selina alikuja. Sikuwa nimemwona karibu tangu mazishi ya mumewe. Nilimpa kigoda akakataa, akasimama mlangoni na nguo zake za mjane zimechakaa. Akasema, sikuja kugombana, mama, nataka kujua tu. Mumeo alimuua mume wangu? Nikasema hapana, harakaharaka. Akauliza, ulikuwepo? Nikasema nilikuwa kwa Yunisi. Akasema, basi wewe na mimi tunajua sawasawa. Akaondoka. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemfukuza na mwiko na ningelala usingizi wangu.

Tangu siku hiyo silali. Karatasi yako naijua kwa moyo. Siku zote nilikuwa naona "nikarudi nyumbani". Sasa naona "nilikwenda". Usiku ule wa mwezi wa kumi ulipokwenda na kiberiti, mimi nilikuwa ubavuni kwako. Uliondoka, ukasimama huko, ukarudi, ukalala, na asubuhi nilikupa uji tukacheka habari za mbuzi. Sikujua kitu. Basi ninaweza kulala na mtu, akatoka na moto mkononi akarudi, nisijue. Na usiku wa moto wenyewe hata kitandani sikuwepo.

Niliapa mara moja, na tazama kilichotokea. Siwezi kuapa tena nisilolijua. Nisamehe, mume wangu. Niambie tu. Mlango ule uliufunga wewe? Ukisema ndiyo, nitabaki mkeo, nitakuja Dodoma hata kwa miguu. Ukisema hapana, nitaamini. Ila niambie, maana sijawahi kukuuliza, na wewe hujawahi kunitamkia.

Marietha


Gerezani, Dodoma
11 Agosti 1976

Marietha,

Sikuufunga. Usiku wa moto nililala. Niliamshwa na kelele, nikakimbia na maji kama wengine, na mkono wangu wa kushoto una kovu la siku ile. Unalijua kovu hilo. Ulilipaka asali.

Aliniuliza Inspekta, akaniuliza wakili, akaniuliza Wakili wa Serikali, na wote niliwajibu bila kuumia, kwa sababu hawanijui. Jaji aliposoma hukumu nilikuwa nimesimama imara. Askari walishangaa. Nilikuwa nasema moyoni, yuko mtu mmoja huko nyuma, amekaa benchi la tatu, ambaye hata wakimsomea karatasi hiyo mpaka kiama hatauliza. Nikalala usingizi hata siku hiyo. Barua yako imenikosesha usingizi.

Sikulaumu, na nataka uniamini hapo. Ningekuwa wewe ningeuliza mapema zaidi. Lakini nimeelewa jambo ambalo wakili alikuwa anahangaika kuwaeleza majaji, na mimi mwenyewe sikulielewa vizuri. Neno likishatoka moyoni likakaa kwenye karatasi, si la mwenyewe tena. Uliisoma karatasi ile ukaona mume mwema. Umeisoma ileile ukaona muuaji. Hakuna herufi iliyobadilika. Sasa nimekuandikia hapa kwamba sikumuua Mughwai. Leo utaisoma uamini. Siku utakayoamka vibaya utaitoa tena, utaona pale kalamu ilipotetemeka, utajiuliza ilitetemeka kwa nini. Nami sitakuwepo nikueleze kwamba ni baridi.

Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Si kwa hasira. Nilichobaki nacho moyoni nitabaki nacho, ni kidogo na ni changu.

Ombi la huruma, apa au usiape, fuata unachokijua. Nikipona kwa kiapo ulichojilazimisha nitakuwa nimekuua wewe. Mwambie Selina pole yake kutoka kwangu, hata kama ataitema. Cecilia mbusu. Akifika darasa la saba asiende kukaa bure nyumbani.

Antipasi Alute


Unyakindi
24 Novemba 1976

Baba Cecilia,

Hii ni barua ya tatu tangu uniandikie, na hakuna iliyorudishwa. Kwa hiyo nasema upo. Mtu asipokuwepo gerezani wanarudisha barua.

Niliapa. Nilikwenda mbele ya hakimu na Padri, nikasema najua huna hatia, nikatia sahihi, na safari hii kila neno nililisoma kwanza. Ombi limekwenda. Jibu bado. Wakili anasema jibu likichelewa si baya, lakini anasema huku anaangalia pembeni.

Uliniambia nifuate ninachokijua. Kovu nalijua, nililiosha kwa mkono wangu. Nakuamini. Nimeandika hapa neno nakuamini, nikalitazama, na kweli linaonekana jepesi, mtu yeyote angeweza kuliandika. Ningekuwa mbele yako ungelisikia lilivyo.

Barua yako nilikuwa naitoa kila jioni, na ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Siku nyingine hivi, siku nyingine vile. Jana nimempa Padri aitunze, pamoja na zako zote za nyuma, na nimemkataza kunirudishia hata nikiomba. Kwa hiyo sasa sina hata moja ya kwako hapa ndani.

Uandike, mume wangu. Sitaki maelezo ya moto wala ya mlango. Andika mmekula nini, andika nani anakoroma, nitukane ukipenda. Nitasoma mara moja tu.

Mkeo,
Marietha